Kashfa imetoka kwenye jinai, lakini Tanga bado tunaandika kwa hofu. Tudai kinga ya maslahi ya umma

Mkwakwani (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naandika habari za mkoa huu, zaidi ardhi, halmashauri na mashamba ya mkonge. Tangu Juni 2023 nasikia watu wakisema suala la kashfa limekwisha, kwa sababu Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Huduma za Habari na kashfa ikaondolewa kwenye jinai, ikabaki shauri la madai. Ni hatua kubwa na waliopigania wanastahili heshima yetu. Lakini kwa ninavyoona hapa Tanga, namna ya kuandika haijabadilika. Habari ya fidia ya ardhi bado inatoka na "inadaiwa" tatu kwenye sentensi moja, jina la kampuni limefutwa, na mara nyingine haitoki kabisa. Mhariri anakupigia: habari nzuri, ila mwanasheria wetu anasema tuisubirishe. Ikishasubirishwa ndiyo imekufa hiyo.

Siku hizi habari inauawa na barua ya wakili. Kwa ambao hawajaipokea: inakuja na nembo ya ofisi ya mjini, inasema umemkashifu mteja wetu, unapewa siku chache uombe radhi kwa ukubwa uleule wa habari na ulipe mamilioni kadhaa, la sivyo tutaonana mahakamani. Kiasi wanachotaja mara nyingi kinazidi thamani ya redio nzima, mitambo na jengo. Mimi nimeshapewa barua ya namna hiyo na kampuni moja ambayo sitaitaja hapa. Habari ilihusu mpaka wa shamba na kijiji, nilikuwa na mihtasari ya mkutano wa kijiji na ramani. Chombo kiliomba radhi. Hakuna aliyeniambia nilipokosea. Niliambiwa tu kwamba hatuna hela ya kesi.

Sasa tuangalie sheria yenyewe inakotoka. Sura ya 358 ya sheria zetu inaelekeza mahakama za Tanzania Bara kutumia sheria ya Uingereza inayotokana na hukumu za majaji, pamoja na sheria za jumla za huko, kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Sheria ya kashfa ya siku ile inamtaka mlalamikaji aoneshe mambo machache tu: maneno yanamhusu, yamewafikia watu wengine, na yanamshushia hadhi. Akishaonesha hayo, mahakama inachukulia kwamba maneno ni ya uongo mpaka wewe uliyeandika uthibitishe ni kweli. Hajathibitisha uongo wako, wewe ndiye unayebeba mzigo. Kama shahidi wako ni kibarua wa shamba anayeogopa kufukuzwa, umekwisha hata kama kila neno ni kweli.

Tena Sheria ya Huduma za Habari, kama ilivyopitishwa 2016, iliweka sharti la ziada: chapisho la kukashifu linasalimika likiwa ni la kweli NA kuchapishwa kwake kuwe na manufaa kwa umma, au liwe chini ya kinga maalumu zilizotajwa na sheria yenyewe. Ukweli peke yake haukutosha. Mahakama ya Afrika Mashariki ilipotoa hukumu tarehe 28 Machi 2019, kwenye shauri la Baraza la Habari, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu, vifungu vya kashfa vilikuwa miongoni mwa vile ilivyosema vinakwenda kinyume na Mkataba wa Jumuiya.

Na huyo Mwingereza tuliyemwiga hakubaki pale 1920. Mwaka 1999 majaji wao wa juu, kwenye shauri la aliyekuwa waziri mkuu wa Ireland, Albert Reynolds, dhidi ya gazeti moja la London, walikubali kwamba mwandishi aliyefanya kazi kwa uangalifu juu ya jambo la umma anaweza kukingwa hata akishindwa kuthibitisha kila kitu. Jaji Nicholls akataja mambo 10 ya kupima: tuhuma ina uzito gani, chanzo ni nani, ulihakiki vipi, ulimpa anayetuhumiwa nafasi ya kujibu, habari ina upande wake, lugha ilikuwaje, na mengine.

Lakini wahariri wakayageuza yale 10 kuwa mtihani, ukikosa moja unaogopa. Kilichowasha moto zaidi ni kesi ya mwandishi wa sayansi, Simon Singh. Aliandika mwaka 2008 akihoji madai ya chama cha matabibu wa kunyoosha mgongo kwamba tiba yao inasaidia watoto wenye mchango wa tumbo na maradhi ya masikio. Chama kikamshitaki yeye binafsi. Ilichukua hadi Aprili 2010, Mahakama ya Rufani iliposema maneno yake yalikuwa maoni na mahakama si mahali pa kuamua ubishi wa kisayansi, ndipo chama kikaacha kesi. Miaka miwili ya maisha ya mtu. Fikirieni hapa kwetu mtu anatembea na gari lenye spika akitangaza dawa ya kutibu degedege, kisukari na ugumba kwa chupa moja. Nani ataandika kwamba hakuna ushahidi, ikiwa anayeandika ndiye atakayeuza kiwanja kulipa wakili?

Waingereza wakatunga Sheria ya Kashfa ya 2013, ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2014 kwa Uingereza na Wales. Mlalamikaji lazima aoneshe madhara makubwa kwa hadhi yake. Kampuni ya biashara lazima ioneshe hasara kubwa ya fedha. Kifungu cha 4 kinamkinga aliyechapisha jambo la maslahi ya umma akiamini kwa sababu za msingi kwamba kulichapisha kuna maslahi kwa umma, na mahakama inatakiwa izingatie uamuzi wa kihariri.

Hilo ndilo ninalolitaka hapa. Tumemtoa mwandishi jela, tukamwacha na deni. Karibuni tujadili.

Kalamu ya Korogwe

Mkuu umegusa penyewe. Nipo redio jamii. Kwetu kuna jingine linalotutisha zaidi ya hiyo barua, na naona watu wanalisahau wakishangilia 2023. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16. Ukichapisha kwenye mfumo wa kompyuta taarifa unayojua ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kupotosha umma, faini haipungui shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja.

Soma hapo: "kukashifu". Limeondoka kwenye sheria ya magazeti, limebaki kwenye ya simu. Na habari gani siku hizi haipiti kwenye simu? Tunasoma taarifa ya saa moja hewani, saa mbili kipande kiko WhatsApp na Facebook. Sheria inasema "unajua ni uongo", sawa, mahakamani utajitetea. Lakini kabla ya kufika huko umeshalala ndani, simu imechukuliwa, na kwenye simu kuna namba za watu waliokupa habari. Mimi nikifikiria wale watu ndipo ninapozima mitambo.

Mwalimu wa Muheza

Nimesoma yote kwa utulivu. Naomba niseme ninachoamini hata kama sitapendwa.

Mimi nilikashifiwa. Kwenye kundi la wazazi mtu aliandika nimekula michango ya chakula cha wanafunzi. Hakuniuliza. Hakuuliza kamati. Risiti zilikuwepo ofisini, mtunza fedha alikuwepo. Kesho yake ukurasa mmoja wa habari wa mtandaoni ukainyakua, ukaweka na picha yangu. Mama yangu mzazi alisomewa ile habari sokoni. Kamati ilipokaa ikasafisha jina langu, yule wa ukurasa hakuandika hata mstari mmoja. Mpaka leo nikiingia daladala kuna watu wananyamaza.

Sasa nyie mnasema tupunguze makali ya sheria ya kashfa kwa ajili ya maslahi ya umma. Michango ya chakula cha watoto ni jambo la umma, sivyo? Basi yule angejificha humo humo. Katiba yenyewe, Ibara ya 18 inatoa uhuru wa maoni, lakini Ibara ya 30 inaruhusu sheria ya kulinda sifa na haki za wengine. Mimi ni hao wengine. Nilienda kwa wakili nikatajiwa gharama, nikarudi nyumbani. Kwa hiyo msifikiri wanaoshindwa na gharama ni waandishi tu.

Mkwakwani (mleta uzi)

Mwalimu, pole sana, na asante kwa kuliweka wazi. Sitaki kukujibu haraka haraka kwa sababu umeleta jambo zito kuliko la kwangu.

Yule wa ukurasa asingepona kwa kinga ninayoitaka. Kinga hii ina miguu miwili. Wa kwanza ni jambo lenyewe kuwa la umma, hilo la michango lingepita. Wa pili ni kuamini kwa sababu za msingi kwamba kuchapisha kulikuwa na maslahi kwa umma, na hapo ndipo mahakama inauliza: ulifanya nini kabla ya kuchapisha? Ulimpigia mwalimu? Ulimtafuta mtunza fedha? Uliona daftari? Ulikuwa na haraka gani ya kuweka picha? Na ulipojua kamati imemsafisha, ulifanya nini? Hana jibu hata moja. Mtu ambaye hakuuliza hana imani yenye msingi, ana umbeya.

Na angalia ulivyotendewa na sheria tuliyonayo. Ni kali, lakini wewe haikukusaidia chochote, kwa sababu ukali wake unanunuliwa. Mwenye shamba la maelfu ya ekari anaitumia kwa barua moja, wewe mwenye haki hukuweza hata kufungua shauri. Mimi ningependa tuongeze kwenye madai yetu njia nafuu ya kusahihishwa na kuombwa radhi upesi, kwa uzito uleule wa habari ya mwanzo, bila kupita kwenye hati ya madai ya mamilioni. Nadhani wewe ungechukua masahihisho ya kesho yake kuliko fidia ya miaka mitano baadaye. Nisahihishe kama nakosea.

Mwalimu wa Muheza

Hukukosea. Nilitaka aandike tu kwamba si kweli, kwa herufi zilezile kubwa.

Wakili Chumbageni

Nimefuatilia kimya kimya, niruhusuni niongeze kidogo kama mtu wa fani.

Kwanza, msidhani ni lazima kusubiri Bunge. Uamuzi wa Reynolds haufungi mahakama zetu, umekuja baada ya 1920 na ni wa nje, lakini ni wa kushawishi na wakili anaruhusiwa kuutumia. Vivyo hivyo hukumu za Jumuiya ya Madola. Shida ni kwamba hoja hizi hazifiki kwa jaji, maana kesi zinaishia kwenye kuomba radhi. Sheria ya hukumu hukua pale mtu anapokubali kupigana mpaka mwisho, na hapa hakuna anayeweza kulipia mwisho huo.

Pili, hapo Arusha tunayo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 5 Desemba 2014 iliamua shauri la Lohé Issa Konaté, mwandishi wa Burkina Faso aliyefungwa miezi 12, akatozwa faini na fidia za mamilioni ya faranga na gazeti lake likasimamishwa miezi 6, kwa makala kuhusu mwendesha mashitaka. Mahakama ikasema kifungo kwa kashfa ya namna ile kimepita kiasi. Watu wanaikumbuka kwa suala la jela, lakini mahakama iligusa pia ukubwa wa faini na fidia alizotozwa. Deni linaloweza kumfilisi mwandishi linafanya kazi ya kifungo, na hoja hiyo inaweza kujengwa hapa pia.

Tatu, ushauri wa bure kwa Kalamu na wenzake. Tunzeni daftari. Tarehe na saa uliyompigia anayetuhumiwa, alijibu nini, kama hakupokea ulituma ujumbe gani, nyaraka uliipata kwa nani na uliiona kwa macho au ulisimuliwa. Shauri la kashfa kwetu linaweza kufunguliwa ndani ya miaka 3. Uingereza ni mwaka 1. Miaka 3 ni mingi, mtu anasahau, simu inaibiwa. Nimeona wateja wenye habari ya kweli kabisa wakishindwa kunionesha waliipataje.

Binti Pangani

Naomba kuuliza swali ambalo naona kila mtu analiruka. Maslahi ya umma anayaamua nani? Kwa sababu huku kwetu umma unapenda zaidi kujua diwani ana nyumba ndogo ngapi kuliko bajeti ya kisima. Ukiweka habari ya nyumba ndogo watu elfu wanasoma, ya kisima wanasoma kumi.

Mkwakwani (mleta uzi)

Dada Pangani, kupenda kujua ni kitu kimoja, kuhitaji kujua ni kingine, na mahakama za wenzetu zimekuwa zikitenganisha hivyo hivyo. Nyumba ndogo ya diwani ni yake na mkewe. Lakini kama ile nyumba ndogo ndiyo iliyopewa zabuni ya kisima, sasa imekuwa yetu sote.

Kuna kesi moja ya Kanada naipenda kwa sababu ukibadilisha majina unaweza kudhani ni ya Mkinga. Mfanyabiashara wa mbao anaitwa Peter Grant alitaka kupanua uwanja wake binafsi wa gofu pembeni ya ziwa. Wakazi wakapinga, wakahofia mazingira. Gazeti la Toronto Star likaandika mwaka 2001, likamnukuu mkazi mmoja aliyesema watu wanaamini mambo yameshamalizwa kwa sababu ya ushawishi wa yule bwana kwa wanasiasa. Mwandishi alimtafuta atoe upande wake, hakutoa. Akashitaki, na baraza la wazee wa mahakama likampa fidia ya dola za Kanada milioni 1.475. Kwa sentensi ya mkazi aliyekuwa akitetea ziwa! Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaanzisha rasmi kinga ya mawasiliano yenye uwajibikaji juu ya mambo ya maslahi ya umma, na ikaamuru shauri lisikilizwe upya.

Walieleza kwamba jambo la umma si lazima liwe siasa. Linaweza kuwa mazingira, afya, matumizi ya ardhi, chochote ambacho raia ana sababu halali ya kukijali kwa sababu kinagusa maisha yao. Anayeamua kama jambo ni la umma ni jaji. Wingi wa waliobofya hauhesabiki. Kisima kinapita hata kikisomwa na watu kumi.

Mzee wa Raskazone

Wanangu, nimezaliwa hapa na nimesoma magazeti tangu utoto. Mji huu una heshima yake kwenye habari. Gazeti la Kiswahili la Kiongozi lilichapwa hapahapa Tanga enzi za Mjerumani, kwenye mashine ya shule ya serikali. Kwa hiyo nikiona Tanga inajadili mambo haya nafurahi.

Lakini nina shaka na hamu hii ya kukimbilia London. Tulichukua sheria yao ya 1920 bila kuulizwa, sasa tuchukue ya 2013 kwa hiari? Na mnasema sheria ya zamani inamkandamiza mwandishi. Mwaka 2012, kabla ya hiyo mpya, ilitoka hukumu huko London ya shauri ambalo marehemu Reginald Mengi alimshitaki mwanamke Mwingereza kwa yale aliyoandika mtandaoni kuhusu mgogoro wa shamba la Kilimanjaro. Mengi alishindwa. Sheria ya zamani hiyohiyo.

Mkwakwani (mleta uzi)

Shikamoo mzee. Nashukuru umekuja.

Ni kweli alishindwa. Lakini yule mama ilibidi apite kwenye kesi nzima, mashahidi, nyaraka, mawakili, mpaka hukumu. Je, korespondenti wa Handeni anayelipwa kwa habari iliyotoka angefika huko? Mimi sibishani kwamba mtu hawezi kushinda. Nasema hawezi kudumu mpaka ashinde.

Kuhusu London, nakubaliana nawe kwamba tusinakili. Ndiyo maana nimemtaja Kanada, na tuna majirani pia. Kenya, Februari 2017, Mahakama Kuu yao ilifuta kifungu cha jinai cha kashfa, cha 194 cha kanuni yao ya adhabu, kwa kuwa kinapingana na katiba. Afrika Kusini wana kinga ya uchapishaji wenye busara tangu 1998. Na mwaka 2022 Mahakama yao ya Katiba iliamua jambo linalotuhusu sana. Kampuni za uchimbaji mchanga wa madini ziliwashitaki mawakili na wanaharakati wa mazingira zikidai randi milioni 14 na ushei, au waombe radhi. Washitakiwa wakasema: kesi hii haitafuti hadhi, inatafuta tunyamaze. Mahakama ikakubali kwamba utetezi wa namna hiyo upo ndani ya sheria yao, ukipimwa kwa pande zote mbili, nia ya aliyeshitaki na uzito wa madai yake. Mahakama hiyo hiyo ikaweka mpaka kwa kampuni za biashara kudai fidia ya jumla ya kuumizwa hadhi pale maneno yanapokuwa sehemu ya mjadala wa umma. Kampuni haina mama wa kusomewa habari sokoni.

Chongoleani

Nimekuja kuongezea la huku kwetu. Bomba la mafuta la kutoka Hoima, kilomita 1,443, linaishia hapa. Habari za fidia, makaburi kuhamishwa, minazi kuhesabiwa, tumeziongea sana kwenye mikutano. Mwandishi akija anaandika mkutano "ulifanyika kwa amani". Tulichosema hakionekani. Nikamuuliza mmoja kijana wangu kwa nini, akaniambia: mjomba, wewe ukisema unasahaulika, mimi nikiandika ndiye nitakayeshitakiwa.

Je, ni kweli? Mimi ndiye niliyesema mkutanoni, mbele ya mtendaji na watu wote. Kwa nini ashitakiwe yeye?

Wakili Chumbageni

Mjomba, kijana alikwambia kweli. Anayerudia kashfa anahesabiwa kama aliyeisema. Kuandika "mwananchi mmoja alidai" hakumwondoi mwandishi kwenye shauri.

Ila hapa kuna mlango. Uingereza ilitunga marekebisho ya sheria ya kashfa mwaka 1888, na kifungu cha 4 kilizipa ripoti za magazeti kinga kwa mikutano ya hadhara, ikiwa ripoti ni ya haki, sahihi, isiyo na nia mbaya, na jambo lenyewe linahusu umma. Ni ya kabla ya 1920. Wakili akiwa na kesi ya ripoti ya mkutano wa kijiji anaweza kujenga hoja kwamba ni miongoni mwa sheria za jumla tulizopokea. Wakili wa upande wa pili atabisha, na itakuwa hoja nzuri ya kusikilizwa. Udhaifu wake ni kwamba ilisema magazeti. Redio ya Korogwe haimo, kwa sababu redio haikuwepo.

Ndiyo maana kifungu cha 4 cha sheria yao ya 2013 kina sehemu ambayo mimi binafsi naiona ya thamani kuliko zote kwa mazingira yetu: ukiripoti kwa usahihi na bila kuegemea upande mgogoro ambao mlalamikaji ni sehemu yake, mahakama haitakuhukumu kwa kutohakiki kama kila tuhuma iliyorushwa ni kweli. Kijiji kimesema hivi, kampuni imesema vile. Mwandishi haiwi kazi yake kuthibitisha minazi mingapi ilihesabiwa. Kazi yake ni kusema wanabishania minazi.

Kalamu ya Korogwe

Wakili, hilo tungelipata tungefanya kazi. Vipindi vyetu karibu vyote ni hivyo.

Na wale wanaotupa nyaraka? Kuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015. Inawasaidia?

Wakili Chumbageni

Inamlinda anayepeleka taarifa kwa mamlaka husika kwa nia njema. Akikuletea wewe redioni, asitegemee hiyo. Mwambie mapema, kabla hajakupa karatasi, achague mwenyewe.

Binti Pangani

La mwisho kutoka kwangu. Halmashauri yenyewe ikikasirika, inaweza kukushitaki kwa kashfa? Maana kuna mahali tuliambiwa "mnaichafua halmashauri" na watu wakatawanyika.

Wakili Chumbageni

Kwa sheria zetu halmashauri ni mtu wa kisheria, inashitaki na kushitakiwa, kwa hiyo tishio hilo linaonekana lina meno. Majaji wa juu wa Uingereza walilikata swali hilo mwaka 1993, halmashauri ya Derbyshire ilipolishitaki Times Newspapers kwa habari za uwekezaji wa mfuko wake wa pensheni. Walisema chombo cha utawala kilichochaguliwa na wananchi hakina haki ya kudai kashfa, kwa sababu lazima kiwe wazi kukosolewa bila kizuizi. Diwani au mkurugenzi mmoja mmoja bado anaweza kushitaki akitajwa yeye.

Ningependa hilo liwe kifungu cha kwanza kwenye rasimu ya madai anayoiandaa mleta uzi. Ni fupi, halimwondolei mwalimu ulinzi wake, na halihitaji hela kulitekeleza.

Mkwakwani (mleta uzi)

Nimeliandika la kwanza. La pili ni ripoti za mikutano na migogoro, kwa vyombo vyote, redio na mtandao ndani yake. La tatu kinga yenyewe ya maslahi ya umma, na maneno ya Mwalimu kuhusu kusahihisha upesi nimeyaweka humohumo kama sharti: anayekataa kusahihisha alipojua amekosea asiruhusiwe kuitumia. Kifungu cha 16 cha mtandao, neno "kukashifu" litoke.

Mwenye barua ya wakili aliyowahi kupokea, anitumie picha yake kwa ujumbe wa siri akiwa amefuta majina yote, lake na la mlalamikaji. Nataka tuzipange zionekane zilivyo na kiasi zinachodai, kisha tuzipeleke pamoja na rasimu kwa wabunge wa mkoa.